Ukiacha dawa za sonona, hatua za mwisho ndizo ngumu

Nilitumia sertralini, mojawapo ya dawa za sonona, kwa miaka kadhaa. Nafuu ilipotulia, mimi na daktari tukakubaliana kuiacha taratibu. Kushuka kutoka miligramu 100 hadi 50 sikusikia kitu. Shughuli ilianza chini ya hapo: kizunguzungu, ndoto za ajabu, machozi ya ghafla, na mishtuko kama ya umeme kichwani kila nilipogeuza macho.

Hili ningependa kila mtu alijue kabla hajaanza. Miligramu 50 za sertralini hushika takriban asilimia 80 ya visafirishi vya serotonini kwenye ubongo, yaani protini zinazorudisha kemikali hiyo ya ubongo ndani ya seli za neva. Ukipunguza dozi hiyo kwa nusu, kazi ya dawa haipungui kwa nusu. Hupungua kidogo tu. Ila ukitoka kwenye kile kipande cha mwisho kwenda sifuri, ubongo unapoteza kingi kwa mkupuo. Ndiyo maana hatua za mwisho huwa ndogo kuliko za mwanzo, na kila moja hupewa wiki kadhaa. Usimeze leo ukaruka kesho, kwa sababu kiwango cha dawa mwilini kitapanda na kushuka. Kati ya dawa nyingine za sonona, paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini haraka, hivyo husumbua zaidi. Fluoksetini hukawia kutoka. Na vidonge vya venlafaksini vinavyoyeyuka polepole havikatwi wala kusagwa. Muulize mfamasia.

Kilichonitisha kuliko kizunguzungu ni wazo kwamba ugonjwa umerudi. Angalia muda. Dalili za kuacha dawa kwa kawaida huanza ndani ya siku chache baada ya kupunguza, na huja na mambo ya mwili ambayo hukuwa nayo ulipougua, kama ile mishtuko. Sonona inayorudi mara nyingi hunyemelea baada ya wiki au miezi. Andika tarehe ya kila punguzo na unavyojisikia; daktari atausoma mtiririko huo vizuri kuliko kumbukumbu yako.

Wapo watakaokuita teja. Hapana, ndugu yangu: mwili umezoea dawa, lakini huna uchu wa kuongeza dozi.

Dalili zikikuzidi, mwambie daktari akurudishe kwenye dozi uliyokuwa nayo, kisha mshuke kwa hatua ndogo zaidi. Yakija mawazo ya kujiua, usisubiri miadi. Mwambie mtu wa karibu, akupeleke hospitali siku hiyohiyo.