Kustaafia kando ya maji Dodoma: lione bwawa mwezi wa Novemba na mwezi wa Aprili kwanza

Wastaafu wenzangu, na nyie mliobakiza miaka miwili mitatu kazini, tangu mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tuhamie Hombolo, kando ya bwawa lililo kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, swali linalonifikia ni lile lile: mlipataje sehemu ya maji Dodoma, mkoa ambao wengi wanaujua kwa vumbi na upepo? Najibu kwa urefu, maana jibu fupi linaweza kumpotezea mtu kiinua mgongo chake chote.

Katika kanda hii maji hayakai mahali pamoja. Mvua tunapata msimu mmoja tu. Kifuku kinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kinaisha Aprili, na kwa mwaka wa kawaida Dodoma hupata milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo ni jua na upepo miezi saba, na bwawa linarudi nyuma kila siku. Ukionyeshwa kiwanja Aprili, majani yamesimama na maji yanameta hatua chache kutoka ulipo, ujue Novemba unaweza kuwa unatazama tope lililopasuka. Ukionyeshwa Novemba, kibaya zaidi: hapo uliposimama panaweza kuwa ndani ya bwawa mwezi wa Machi.

Bwawa la Mtera ndilo linalowavuta wengi. Unatoka Dodoma kwa lami ya Iringa, unapita Fufu na Chipogolo, na baada ya nchi kavu ya miiba unakutana na maji yasiyo na mwisho, mitumbwi, na perege wanaokaangwa kando ya barabara. Ukiwa umekaa ofisini miaka thelathini, moyo unasema hapa hapa. Lakini Mtera ni ghala la maji ya umeme. Lilijengwa kwanza kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu iliyo chini yake kwenye Ruaha Mkuu, na mitambo yake lenyewe, megawati 80, ikafuata mwaka 1988. Likijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka, kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Mita nane na nusu zinasikika kidogo, lakini ardhi ya pale ni tambarare, kwa hiyo unazungumzia eneo kubwa mno linalofunikwa na kufunuliwa. Mwaka 2006 maji yalipungua hadi nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, na waliokuwa wanaishi ufukweni walijikuta wako mbali na maji.

Ardhi hiyo inayofunuliwa ina rutuba. Watu wanalima mahindi na mboga humo, na ni haki yao kutafuta riziki. Hatari inaanza mtu anapotokea na kumuuzia mgeni kama shamba la kudumu. Wewe mgeni huoni chochote kibaya: udongo mweusi, maji karibu, bei nafuu. Mvuvi mmoja mtu mzima wa upande wa Chipogolo alimwambia mzee wangu maneno ambayo nimewarudishia wengi: "Mzee, usiangalie maji yalipo, angalia miti." Palipo na visiki na miti mikavu iliyosimama, maji yalishafika na yatafika tena. Palipo na mbuyu mkubwa ulio hai, hapo bwawa halijawahi kulala. Mvua za El Niño za 1997/98 wazee wa kila kijiji cha majini wanazikumbuka, na wanaweza kukuonyesha kwa kidole maji yalikoishia. Waombe wakuonyeshe, kisha panda juu zaidi ya hapo ndipo uanze kuulizia bei.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo kwa namna yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa, mto au bwawa. Nyumba ni shughuli ya kudumu. Dalali anaweza kukuambia kila mtu amejenga, na ni kweli utawaona waliojenga, lakini siku alama nyekundu ya X ya kubomolewa ikipigwa ukutani, dalali hatakuwepo na wewe hutakuwa na mshahara wa kuanzia upya. Pima mita hizo 60 kutoka maji yanapofika yakijaa. Anayekupimia kutoka yalipo siku ya biashara anakudanganya.

Kwingine nitapita haraka. Bahi ni pazuri kwa anayependa mpunga na kambale, lakini ni mbuga ya maji ya msimu inayolishwa na mto Bubu. Nenda ukalime, nyumba jenga mjini Bahi kwenye kimwinuko. Singida ina maziwa mawili mlangoni, Singidani na Kindai, na jioni zake ni nzuri sana heroe wakitua, ila maji yake ni ya chumvi, hayanyweki wala hayamwagilii bustani. Kondoa ningeipenda zaidi kama familia yetu ingekuwa huko. Haubi, huko huko Kondoa kwenye vilima vya Irangi, ina ziwa dogo, hewa ya baridi, na vilima vinavyopendeza baada ya miaka mingi ya kazi ya kuponya mmomonyoko wa udongo. Ziwa lenyewe lina kina kifupi na limewahi kukauka, kwa hiyo anayekwenda Haubi aende kwa ajili ya vilima na Warangi wenyewe. Ziwa alichukulie kama baraka ya miaka mizuri.

Sisi tulichagua Hombolo, na sababu ya kwanza ilikuwa hospitali. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, na nimewaona wastaafu wakiletwa wamechelewa kutoka sehemu nzuri za mbali. Presha, sukari, tezi dume, figo: haya ndiyo yanayotufuata baada ya miaka 60, na hayasubiri basi la kesho. Hombolo ina kituo cha afya, na mjini Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ambayo hata kupandikiza figo inafanya. Kutoka kwetu ni safari ya chini ya saa mbili hata gari likiwa bovu. Kutoka kijiji cha ndani cha Mtera wakati wa kifuku, korongo likijaa, unaweza kukaa ng'ambo hadi lipungue. Kabla hujapenda mahali, fanya safari ya kwenda hospitali usiku, mvua ikinyesha, kwa usafiri ambao kweli utakuwa nao, yaani bodaboda au bajaji ya jirani. Uliza pia kituo cha karibu kinapokea kadi yako ya bima ya afya ya NHIF, na dawa zako za kila mwezi huwa zipo au unaandikiwa ukanunue.

Bwawa la Hombolo ni la mwaka 1957, la udongo, kwenye bonde la Kinyasungwe kaskazini mashariki ya mji. Lina perege, lina ndege, mashamba ya zabibu yako karibu, na upepo wa jioni ukitoka majini unasahau joto la mchana. Udongo unaosombwa na mvua umelijaza kiasi cha kupunguza kina chake, na maji yake yana chumvi chumvi. Hapo nasema wazi: kukaa kando ya maji hakumaanishi una maji ya kunywa. Maji ya kisima chetu tunafulia na kuogea. Ya kunywa na kupikia tunavuna mvua, na hesabu yake ni rahisi. Paa la mita za mraba 100 linakupa lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Mwaka wa milimita 500 ni lita 50,000, toa moja ya tano kwa kumwagika na kwa mvua ya kwanza inayoosha vumbi, unabaki na 40,000. Watu wawili wakitumia lita 60 kwa siku, miezi saba ya kiangazi inahitaji kama lita 12,600. Paa linatosha kabisa. Kinachokosekana kwa wengi ni pa kuyaweka. Simtanki tatu za lita 5,000 zinatutosha, na ningemshauri yeyote anunue matangi kabla ya sofa. Maji ya kisima yapeleke maabara ya ubora wa maji, wapime chumvi na floraidi, hasa ukiwa upande wa Singida, maana floraidi ikizidi inaharibu meno ya wajukuu na mifupa yao, na kuchemsha hakuiondoi.

Kuhusu kichocho nitakaa kidogo, naombeni mnivumilie, kwa sababu hakuna dalali atakayewatajia. Kinaenezwa na konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, penye majani, kina kifupi, hasa pale watoto wanapoogelea na akina mama wanapofulia. Vijidudu vinapita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, na jua la mchana ndilo linalovichangamsha. Kwa hiyo usiingize miguu majini kupoza joto, na wajukuu wakija likizo usiwaachie waogelee kwa sababu watoto wa jirani wanaogelea. Maji ya bwawa ukilazimika kuogea, yateke yakae siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, vijidudu vinakufa, au yachemshe. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituoni. Dawa yake, praziquantel, ni ya vidonge na inafanya kazi vizuri ikiwahi. Chandarua nacho ni cha kila usiku, kiangazi na kifuku. Na kwa Mtera ongeza viboko na mamba. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula, na njia yake haibadilishi kwa sababu umepanda mchicha.

Sasa ardhi. Hombolo iko ndani ya Jiji la Dodoma, kwa hiyo unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, halafu ofisi ya ardhi ya jiji kuona kama kiwanja kimepimwa na kimepangiwa matumizi gani. Karatasi za zamani za CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma hadi ilipovunjwa mwaka 2017, zihakikiwe huko huko kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Vijijini, kama pande nyingi za Mtera, inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji inapokea maombi yako, mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha. Muhuri wa mtendaji peke yake hautoshi. Kaa kwenye mkutano huo, usikilize wanaopinga na sababu zao, kwa maana mara nyingi ndiko utakakosikia kwamba hapo ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Ukiziba njia ya ng'ombe katika nchi ya Wagogo umejifungia mlango wa ujirani, na mzee asiye na ujirani ana upweke mkubwa. Ukifika, amkia kwa "mbukwenyi", hudhuria misiba, ingia kwenye kikundi cha kuzikana, na kama una taaluma, itoe. Mimi napima presha za majirani kibarazani bila malipo, na hao hao ndio waliokimbia kumbeba mzee wangu alipoteleza kisimani.

Mwisho, pesa. Mkupuo wa kiinua mgongo ukiingia, kila mtu ana kiwanja cha kukuuzia. Uweke benki, ukapange chumba na sebule katika kijiji unachokipenda kwa mwaka mzima. Anza Oktoba. Utaona bwawa likiwa chini kabisa, utaona ni nani anachimba maji kwenye mchanga na nani ana tangi, utaona kifuku kinavyokata barabara, na Aprili utaona ufuo ulikofika. Ukienda, chukua kamba ya mita 60 na vigingi vichache, ukaviweke mwenyewe siku bwawa limejaa, mwenyekiti akiwepo.