BR kwenye karatasi ya mshahara

Dada, umeuliza kwa nini mshahara wako unakatwa sana: hiyo BR, msimbo wa kodi uliowekewa, ndiyo inayokula pesa zako. Unakatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza, wakati wengi wenye kazi moja hapa Uingereza wana msimbo 1257L, yaani pauni 12,570 za mwaka hazikatwi kodi ya mapato. Mhasibu wa kazini hawezi kuibadilisha kwa kuombwa tu. Ingia akaunti yako ya HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) mtandaoni au wapigie, uwaambie ile kazi yako ya zamani ya usafi uliiacha lini, maana huenda wanadhani bado unayo. Wakimtumia mwajiri msimbo mpya, kodi uliyokatwa zaidi mwaka huu hurudi ndani ya mshahara. Ya miaka ya nyuma, subiri barua ya P800 (hesabu ya kodi yako kutoka HMRC) au udai mwenyewe, mwisho miaka 4. Mawakala wa “kurudishiwa kodi” achana nao, watamega fungu lao bure.