Chatu wa Florida na chatu wetu

SWALI: Mhariri, nasikia chatu wameangamiza wanyama wa kinamasi cha Everglades, Marekani. Je, nasi tuwaue chatu wa mafunjo ya ziwa letu? Msomaji, Ilemela, Mwanza.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Chatu wa Everglades ni wageni kutoka Asia walioletwa kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, na utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba rakuni (mnyama mdogo mwenye manyoya wa Amerika) walioonekana barabarani walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.3. Huko ni haki kuwawinda chatu hao. Madume hata hupandikizwa vifaa vya redio ili yawafikishe watafiti kwa majike. Chatu wetu ni mwenyeji, tena mla panya. Mgeni wetu ni sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, akachangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, hasara inayoniuma mno. Chatu akikaribia makazi, mwite afisa wanyamapori.