Kabla ya Kunyanyua Land Cruiser ya Zamani: Ushauri kwa Mafundi Wapya

Ndugu fundi unayeanza kazi, mteja wa kwanza atakayekuletea Land Cruiser ya miaka ya tisini na kukuambia "nataka inyanyuke" huenda hajui kwa hakika anachokihitaji. Anachokijua ni kwamba gari lake limeinama nyuma, linagonga kila likipita shimo, na lile la mwenzake limesimama vizuri. Kabla hujashika spana, muulize maswali matatu: gari linabeba nini, linapita wapi, na linabeba mzigo huo kila siku au mara mojamoja? Nimefanya kazi ya springi na shokapu hapa Arusha kwa miaka mingi, sehemu kubwa ikiwa kwenye magari ya watalii, na makosa mengi niliyoyaona, yakiwemo yangu mwenyewe, yalianza kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali hayo.

Nitazungumzia hasa HZJ75, ile tunayoiita Mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Ni gari la injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, na lina springi za bapa, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, mbele na nyuma. Kuanzia mwaka 1999, warithi wake HZJ78 na HZJ79 walipewa springi za koili mbele huku nyuma zikibaki za bapa, kwa hiyo hakikisha unajua ni lipi lililosimama mbele yako kabla hujaagiza kifaa chochote.

Anza kwa kupima. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi na kuisha kwake vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa mahali pa tambarare, na uandike namba hizo kwenye daftari. Kuna Mkonga mmoja nilioupima ambao upande wa kulia nyuma ulikuwa chini ya upande wa kushoto kwa milimita 35. Mwenye gari alikuwa amekuja kununua springi za kunyanyua milimita 100. Tulipozifungua zile za zamani tulikuta bamba la pili limekatika karibu na boliti ya katikati, mpasuko wake umejaa kutu, yaani lilikuwa limekatika siku nyingi. Tulimfungia springi mpya za kimo cha kawaida na shokapu mpya, gari likapanda kwa zaidi ya sentimita nne, na hakudai tena kunyanyuliwa. Springi iliyobeba mzigo kwa miaka ishirini na zaidi imelala, na kimo ambacho mteja anadhani ndicho cha kiwandani sicho.

Baada ya kupima kimo, pima uzito. Ukipata mzani, lipime gari likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ukikosa mzani, piga hesabu. Gari lenye matangi mawili ya lita 90 likijaa linabeba kilo 150 hivi za dizeli. Dereva na wageni sita, ukiwakadiria kilo 75 kila mmoja, ni kilo 525. Ongeza mabegi ya wageni ya kilo 15 kila moja na lita 60 za maji, na tayari umepita kilo 800, kabla hujahesabu friji, tairi mbili za akiba, keria na ngao ya chuma iliyofungwa mbele. Gari la namna hiyo, ambalo halitembei tupu ila linaporudi gereji, linastahili springi nzito. Lakini gari la familia linalokwenda shamba siku za mapumziko likiwa na watu wawili ukilifungia springi zilezile, litarukaruka barabarani kama mkokoteni mtupu, tairi zitaachia ardhi kwenye kona yenye kokoto, na bodi itaanza kupasuka kwenye maungio. Watengenezaji wazuri wa springi huziuza kwa viwango vya uzito wa ziada unaokaa kwenye gari wakati wote. Chagua kwa uzito huo, na kimo kitakuja chenyewe.

Kwa magari ya watalii mimi siendi zaidi ya milimita 50. Gari lenye paa la kufunguka, watu waliosimama ndani na mizigo juu ya keria tayari lina uzito mwingi juu, na kila sentimita unayoongeza inasogeza kitovu cha uzito huo mbali zaidi na ardhi. Ukishuka kwenda kreta ya Ngorongoro na gari lililonyanyuliwa kupita kiasi, utasikia kwenye kila kona jinsi bodi inavyolala upande mmoja na kuchelewa kurudi. Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba springi ndefu hazinyanyui difu, yaani lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli. Difu limeshikwa na ekseli, na ekseli imekaa juu ya tairi. Kinachonyanyuliwa ni chasisi na bodi tu. Anayetaka difu lipite juu ya jiwe atafute tairi kubwa zaidi. Tairi ya 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806 hivi, na ya 285/75R16 ina milimita 834 hivi, kwa hiyo difu litapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 14. Si nyingi, na mteja anapaswa kuijua hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha yake, pamoja na gharama ya uzito, usukani na mafuta inayofuatana nayo.

Njia za mkato nizitaje kwa uwazi, kwa sababu utaombwa kuzifanya. Ya kwanza ni kuweka tofali la chuma kati ya ekseli na springi. Mbele usiweke kabisa, kwa maana likichomoka ukiwa mwendoni huna tena usukani wala breki ya kutegemea. Nyuma nako linaipa ekseli nafasi ya kujipinda kila dereva anapokanyaga mafuta. Ya pili ni kuzipasha springi za zamani moto na kuzikunja upya. Chuma cha springi kinapata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu, na mkaa wa kando ya barabara unauondoa ugumu huo; springi itapendeza kwa miezi michache kisha italala tena, au itakatika. Ya tatu ni kuongeza bamba lililotolewa kwenye lori. Hii inafanya kazi kidogo kuliko watu wanavyoamini, kwa sababu bamba gumu lisilo na mkunjo unaolingana na mengine linabeba mzigo peke yake na kulikata bamba kuu. Ya nne ni shakele ndefu, yaani vile vipande vinavyoiunganisha ncha ya springi na chasisi. Hizo zinanyanyua kwa nusu ya urefu ulioongeza, na kama shakele ya mbele iko upande wa mbele wa springi, zinaizungusha ekseli na kuondoa mlalo wa kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia usukani unapokatwa.

Mlalo huo unastahili maelezo. Ukilitazama gari kutoka ubavuni, mstari wa kingpini unalala nyuma kidogo upande wa juu, na huo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Ukiupoteza, gari linatangatanga: dereva analisahihisha kila wakati, na kwenye barabara ya lami ya kutoka Makuyuni kuja Arusha, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, anafika amechoka mabega. Kwenye gari la springi za bapa mlalo unarudishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Tumia kabari za chuma, si za alumini, maana alumini inasagika chini ya mzigo na yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, zinalegea. Upande mnene uelekee wapi inategemea kama springi iko juu au chini ya ekseli. Usikariri, chora kwenye karatasi kwanza. Kumbuka pia kwamba kuizungusha ekseli ya mbele kunaizungusha na pua ya difu, kwa hiyo baada ya kuweka kabari angalia pembe ya propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu. Kwa gari la koili mbele, kama Land Cruiser ya 80 au Land Rover 110, ekseli inazunguka kwa sababu mikono mirefu inayoishika imeelekea chini zaidi. Hapo dawa ni bushi zilizotobolewa nje ya katikati au mabamba ya kurekebisha. Tena kuna fimbo ya kuvuka inayoizuia ekseli isiende kulia wala kushoto, na ukinyanyua gari fimbo hiyo huivutia ekseli upande mmoja, kwa hiyo inabidi iwe ya kurekebishika.

Sasa kazi yenyewe. Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye pini za springi, shakele na yuboliti, na uyarudie jioni. Asubuhi inyanyue chasisi na uiweke juu ya stendi imara. Jeki ibaki kwa ajili ya kupandisha na kushusha ekseli tu, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Fanya ekseli moja kwa wakati mmoja. Kabla ya kufunga springi mpya, soma alama zake, kwa kuwa watengenezaji wengi hutofautisha ya upande wa dereva na ya upande wa abiria. Kichwa cha boliti ya katikati lazima kiingie sawasawa kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Kikikaa ukingoni, utakaza yuboliti ukidhani kazi imekwisha, na ekseli itakuwa imesogea. Yuboliti ziwe mpya daima, kwa sababu zile za zamani zimekwisha kuvutika. Zikaze kwa kupishanisha pembe, kidogokidogo, na umalizie kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari.

Boliti za pini na shakele usizikaze mwisho gari likiwa hewani. Mpira wa bushi unashikwa mahali ulipo wakati unapokaza. Ukikaza springi ikiwa imening'inia, siku zote gari likiwa limesimama mpira utakuwa umesokotwa, na utachanika mapema. Shusha gari, litikise mara kadhaa, kisha kaza.

Shokapu zichaguliwe kwa urefu na kwa kazi. Ekseli ikining'inia kabisa, shokapu isiwe ndiyo inayoizuia isishuke, na ekseli ikipanda mpaka kwenye mpira wa kuzuia kugonga, shokapu iwe bado na nafasi iliyobaki. Hili nililijifunza kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi yangu nilifunga springi ndefu na kuacha shokapu za urefu wa zamani kwenye gari lililokuwa linakwenda Ziwa Natron. Lilirudi likiwa limeng'oa vishikio viwili vya shokapu kwenye chasisi, na dereva alikuwa ameendesha sehemu kubwa ya njia ya Engaresero kwa mwendo wa kutembea, huku wageni wakishika vyuma vya viti. Siku hiyo nilichomelea vishikio vipya bila malipo, na tangu hapo nimekuwa nikipima shokapu kwa rula gari likiwa kwenye stendi. Kwenye barabara zenye mawimbi, kama zile za Serengeti, shokapu inapanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika, mafuta yake yanachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Kwa sababu hiyo ninapendelea shokapu za gesi zenye mwili mnene, na ninawaambia madereva wapunguze upepo wa tairi kidogo wakifika kwenye barabara hizo.

Breki usizisahau. Mipira ya breki, yaani mabomba laini ya mafuta ya breki, iangaliwe ekseli ikiwa imening'inia na usukani umekatwa hadi mwisho kila upande. Ikikaza, weka mirefu. Nyuma, magari mengi ya Land Cruiser yana valvu iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti, ambayo hugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ukinyanyua gari, valvu hiyo inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, hata ukiwa umebeba watu saba. Hamisha kishikio cha kijiti kwa kiasi ulichonyanyua. Nimeona magari mengi yaliyonyanyuliwa kwa gharama kubwa bila mtu kugusa kijiti hicho, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu ni kazi ya dakika chache inayohusu uhai wa watu.

Ukimaliza, usukani ukiwa umepinda usiung'oe na kuurudisha ukiwa umenyooka. Rekebisha fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani, ili boksi libaki katikati. Endesha hadi kilomita 80 kwa saa na usikilize. Mtetemo unaokuja kwa mwendo mmoja na kupotea kwa mwingine mara nyingi unatoka kwenye propela shafti: viungo vyake viwili vinapaswa kuwa na pembe zinazolingana, ili kasoro ya kimoja ifutwe na ya kingine. Peleka gari kwenye alaimenti, kisha mwambie mteja arudi baada ya kilomita 500. Siku hiyo kaza yuboliti zote tena, zitakubali kuzunguka kidogo, na upime upya kutoka kikombe cha gurudumu hadi madigadi. Springi mpya za bapa hulala kidogo zinapozoea mzigo, kwa hiyo namba za siku hiyo, si zile za siku ya kufunga, ndizo za kuandika kwenye daftari kando ya jina la gari.