Maswali ya Wasomaji: Boti Yako Ikiwa Mikononi mwa Kampuni

SWALI: Sisi ni ndugu watatu, tunajenga katamarani ya faiba yenye matanga, yaani boti ya bodi mbili, urefu mita 10. Kampuni ya utalii inataka tuiweke kwenye boti zake miaka mitano, iwe inaikodisha kwa wageni. Imetupa chaguo mbili: malipo yaleyale kila mwezi, au asilimia 60 ya mapato. Mzee wetu anasema tuchukue asilimia. Mnatushaurije? – Nyegezi

JIBU: Ulizeni kwanza ni asilimia 60 ya nini. Tuchukulie boti imekodishwa mara 10 kwa mwezi, kila safari shilingi 800,000. Hiyo ni milioni 8. Mkigawana kabla ya kutoa gharama, mnapata milioni 4.8. Lakini kampuni ikitoa kwanza mafuta, mishahara ya nahodha na mabaharia, maegesho na kamisheni ya mawakala, tuseme milioni 4.5, inabaki milioni 3.5 na fungu lenu ni milioni 2.1. Asilimia ni ileile, ila fedha haifiki hata nusu. Kifungu hicho kiandikwe kwa mfano wa hesabu ndani ya mkataba, na kitaje matengenezo yanatoka mfuko wa nani.

Malipo ya kila mwezi yana utulivu: wageni wakiadimika, hasara ni ya kampuni. Katika mikataba ya namna hii iliyozoeleka Karibi na Mediterania, kampuni pia hubeba bima, maegesho na matengenezo ya kawaida. Hatari yake ni kampuni yenyewe kuyumba: malipo yanakatika huku boti ikiwa gatini kwao. Kwa hiyo usajili ubaki kwa jina lenu, na mkataba useme malipo yakichelewa siku 60 mnaichukua boti yenu bila kudaiwa maegesho. Kama mna mkopo wa benki, sisi tungechukua malipo ya kila mwezi. Na bima iwe ya biashara. Bima ya matumizi binafsi haimlipi mwenye boti ya kukodisha.

Hata hivyo, kinachowaumiza wamiliki wengi ni hali ya boti siku inaporudi. Siku ya kuikabidhi, andikeni saa za injini, pigeni picha kila tanga likiwa limekunjuliwa, kila kamba ya mlingoti na ule wavu wa mbele kati ya bodi mbili. Wavu huo huliwa na jua, na wageni ndipo wanapopenda kulala. Nyuzi zilizoufunga zikichakaa, mtu anatumbukia. Andikeni nani anaubadilisha na baada ya muda gani. Neno “uchakavu wa kawaida” lifafanuliwe: tanga kupauka ni uchakavu, tanga kuoza kwa kuachwa bila kifuniko ni uzembe. Fundi wa kuikagua mwishoni achaguliwe na pande zote mbili.

SWALI: Boti yangu imekaa na kampuni miaka mitatu. Injini inachemka, na chini ya mstari wa maji bodi imeota vipele. Wanasema ni kawaida ya ziwa. Ni kweli? – Kirumba

JIBU: Kwa vipele wana haki kiasi, kwa injini hawana.

Injini ya ndani inavuta maji ya ziwa ili ipoe. Mizizi laini ya magugumaji ikiziba chujio, impela, kile kigurudumu cha raba kinachosukuma maji, inazunguka kavu na mabawa yake yanakatika. Wengi hufunga impela mpya na kuondoka, kumbe vipande vya ile ya zamani vimeshanasa kwenye mirija ya kupoozea, na injini inaendelea kuchemka. Impela ikitolewa, hesabu mabawa: kama yalikuwa sita na yamebaki manne, mawili yako ndani na lazima yatafutwe. Chujio hufunguliwa kila asubuhi kabla ya safari. Omba daftari la boti. Kama usafishaji haukuandikwa, una hoja ya kudai.

Waulize pia kuhusu anodi, vile vipande vya madini vinavyoliwa na kutu badala ya propela. Zinki ya baharini ikiwekwa kwenye maji yasiyo na chumvi hufunikwa na ganda na kuacha kufanya kazi. Ziwani inatakiwa magneziamu. Propela yenye vishimo huku zinki ikionekana nzima ni kosa la aliyeifunga.

Vipele ni jambo jingine. Maji yasiyo na chumvi hupenya faiba haraka kuliko ya bahari, na joto huongeza kasi. Yakikutana na kemikali za faiba, hutengeneza majimaji yenye msukumo. Toboa kipele kimoja, umevaa miwani: kikitoa majimaji yenye harufu ya siki, ndiyo yenyewe. Dawa ni kuipandisha boti, kukwangua, kuosha, kuiacha ikauke kwa majuma mengi hadi kipimo cha unyevu kishuke, ndipo upake tabaka kadhaa za epoksi, rangi ngumu ya kuzuia maji. Epoksi hiyo ilipaswa kupakwa kabla boti haijaguswa na maji, kwa hiyo sehemu kubwa ni ya mjenzi na mwenye boti.

SWALI: Nimeona katamarani ya mita 12 iliyomaliza mkataba wa kukodishwa, inauzwa nafuu Ugiriki. Nikiishusha Dar es Salaam, itafika Mwanza? – Ilemela

JIBU: Nzima haifiki. Ya urefu huo ina upana wa karibu mita 7, yaani inajaza barabara yote, na hakuna njia ya maji kutoka baharini hadi ziwani. Tafuta ndogo ambayo bodi zake hufunguliwa kwa bolti, au jenga hukuhuku. Kabla ya kulipa chochote, pima upana wa chelezo utakachotumia kuipandisha.