Sabufa Yako Haina Shida, Shida Ni Pale Ulipoichomeka

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Donholm, hapa Nairobi, aliniandikia ujumbe mrefu usiku. Ana amplifaya ya zamani iliyotoka Uingereza, spika mbili ndogo za kuweka rafuni, na mwaka huu amejinyima mpaka akanunua strima, kile chombo kinachochota muziki kutoka kwenye intaneti, na sabufa, spika ya besi nzito. "Kaka," akasema, "nikishusha sauti kwenye amplifaya, spika zinanyamaza lakini sabufa inaendelea kunguruma tu. Jirani wa juu ameshakuja kugonga mlango. Fundi ananiambia amplifaya yangu imepitwa na wakati, haikubaliani na vitu vya kisasa, niiuze ninunue nyingine. Nifanyeje?"

Nilipandwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa ya msomaji wangu. Ilikuwa ya huyo fundi, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Mimi natumia NAD 3020. Wanaopenda muziki wanaijua: ni amplifaya iliyotoka 1978, wati 20 tu kwa kila upande, na mpaka leo watu wanaitafuta. Yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ikiwa na vumbi na kifuniko kilichokwaruzwa, nikampelekea mzee mmoja fundi wa redio kule Ngara akaisafisha swichi na kubadilisha kapasita zilizochoka. Ikaimba. Baadaye nikaongeza strima, WiiM Pro, halafu nikapata sabufa. Sasa kilichobaki kilikuwa waya. Waya tu! Nikaingia duka moja la vioo na kiyoyozi, upande wa wenye nazo, nikiwa na picha ya mgongo wa amplifaya kwenye simu ili wanionyeshe ni waya gani unaofaa.

Kijana wa duka akaitazama picha ile, akamwita mwenzake, wakaitazama wote wawili. Wakacheka. "Bosi, hii bado mnatumia?" Kisha akanipeleka mpaka kwenye seti ambayo bei yake ningenunua pikipiki na chenji ibaki, akaniambia strima ya kisasa haiwezi kufanya kazi na kitu kama changu. Nilitoka pale nimenyamaza. Sijalisahau jambo hilo, na sitajifanya nimelisahau.

Usiku ule niliigeuza NAD yangu nikaumulika mgongo wake kwa tochi ya simu. Kuna vichuma viwili vidogo vyenye umbo la U, vimechomekwa kutoka tundu moja hadi jingine. Watu wengi huviona wakadhani ni mapambo au vipuri vilivyosahaulika kiwandani. Vile vichuma ndivyo daraja kati ya nusu mbili za amplifaya: nusu ya kwanza inachagua chombo na kushusha au kupandisha sauti, nusu ya pili inatia nguvu ya kusukuma spika. Nilizima stima ukutani, nikavitoa kwa vidole polepole huku nikivizungusha kidogo kidogo kwa sababu vilikuwa vimeshikana na kutu. Kwenye tundu la nusu ya kwanza nikaweka waya wa RCA, ule wa kawaida wa kuunganisha vyombo vya muziki, wenye matawi mawili: tawi moja likarudi kwenye nusu ya pili, tawi jingine likaenda kwenye sabufa. Nikawasha. Nikaweka benga.

Ndugu zangu, kama hujawahi kuisikia besi ya benga ikitoka ilivyopigwa studio, hujaisikia benga. Gitaa la solo linakimbia juu, lile la pili linamjibu, na chini kabisa besi inatembea hatua zake yenyewe, haifuati mtu. Kwenye spika ndogo unapata ile sauti ya kidole kikigonga uzi, lakini uzito wenyewe haupo. Usiku ule ulikuwepo. Nikishusha sauti, vyote vinashuka pamoja. Nikipandisha, vyote vinapanda. Na hakuna shilingi niliyoliachia duka la vioo.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Donholm. Nilimwomba picha za mgongo wa kila chombo, nikaona tatizo mara moja. Alitoa waya kwenye strima, akaugawa mara mbili hapo hapo, nusu moja ikaingia kwenye amplifaya na nusu nyingine moja kwa moja kwenye sabufa. Na kwenye programu ya strima amefunga volyumu isibadilike, kama anavyoshauriwa kila mtu. Kwa hiyo sabufa inapokea sauti kamili wakati wote. Kitufe cha amplifaya hakina habari nayo. Ukitoboa paipu kabla ya valvu, hata ukifunga valvu vipi maji yatamwagika.

Jambo lote ni hilo. Kabla hujanunua chochote, jiulize: volyumu yangu iko wapi? Ukishapajua, sabufa ichukue sauti baada ya hapo, kamwe si kabla. Vitu vitatu hivi, amplifaya, strima na sabufa, havigombani kwa sababu ya umri wala chapa. Vinagombana kwa sababu mtu amegawa sauti mahali pasipofaa.

Mwingine atachomeka sabufa kwenye tundu lililoandikwa REC OUT au TAPE OUT kwa kuwa linafanana na mengine. Tundu hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kurekodi kwenye kaseti, na sauti yake haifuati kitufe cha volyumu. Utapata kilio kile kile cha Donholm. Tundu unalotaka limeandikwa PRE OUT, au SUB OUT kwa amplifaya za karibuni. Yamaha A-S301, kwa mfano, ina tundu la sabufa tayari, kazi imeisha.

Kama amplifaya yako haina PRE OUT wala SUB OUT, usiiuze. Narudia, usiiuze. Unaweza kuiweka volyumu kwenye strima badala ya amplifaya. WiiM Ultra iliyotoka 2024 ina tundu lake la sabufa, na WiiM Amp pia inalo, hiyo ikiwa na amplifaya yake ndani. Ukitumia Ultra, unaiacha amplifaya yako kwenye kiwango kimoja ulichokizoea, na kuanzia siku hiyo unashusha na kupandisha kwa simu au rimoti ya strima pekee. Spika na sabufa zinatii kwa pamoja. Kuna faida nyingine hapa ambayo wengi hawaambiwi: strima hiyo inaweza kuziondolea spika zako besi nzito na kuiachia sabufa. Amplifaya ya wati 20 ikipunguziwa mzigo huo inapumua. Ukiongeza sabufa bila kukata besi kwenye spika, amplifaya yako inafanya kazi ile ile ya zamani, haijapunguziwa kitu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa amplifaya kuukuu za hapa mjini. Sabufa nyingi nzuri zina sehemu ya kupokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika zenyewe. Unafunga waya mwingine nyuma ya amplifaya, palepale spika zilipofungwa, unaupeleka kwenye sabufa. Usiogope kwamba sabufa itainyonya amplifaya. Inachungulia tu, ina stima yake yenyewe ukutani. Kampuni ya REL ya Uingereza imejijengea jina kwa njia hii.

Lakini hapa nisikilize vizuri. Kuna amplifaya ndogo za Kichina zinazouzwa sana sasa, zinazokaa kwenye kiganja, nyingi zikiwa na chipu ya TPA3255. Ni nzuri, sina neno nazo. Ila kwenye nyingi kati ya hizo, ule upande mweusi wa spika si ardhi. Una sauti juu yake kama ule mwekundu. Ukiufunga waya wa ardhi wa sabufa hapo, unaweza kuiunguza amplifaya dakika ile ile. Waya huo wa ardhi unafungwa kwenye kasha la amplifaya yenyewe, kwenye skrubu ya chuma, na kitabu cha sabufa kitakueleza. Kisome. Fundi asiyekisoma usimwachie amplifaya yako.

Baada ya nyaya, watu huwa na haraka ya kupandisha sabufa mpaka madirisha yalie. Mimi nasema shusha. Krosova, yaani mpaka ambapo spika zinaachia na sabufa inapokea, anzia Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), kwa sababu chini ya hapo sikio hupata shida kutambua sauti inatokea upande gani, hivyo sabufa inajificha nyuma ya spika. Ukisikia mwimbaji wa kiume anaongea kutoka kwenye kona, umeipandisha krosova mno. Kama strima au amplifaya ndiyo inayogawa besi, kitufe cha krosova kwenye sabufa kizungushe mpaka mwisho wa juu, la sivyo utakuwa umekata mara mbili. Kile kiswichi cha sabufa cha 0 na 180, kinachogeuza koni isukume au ivute pamoja na spika, jaribu pande zote mbili ukiwa umekaa kwenye kiti chako, baki na upande wenye besi iliyojaa zaidi. Basi.

Chumba ndicho kigumu. Nyumba zetu ni za mawe na sementi, sakafu ni vigae, na sebule nyingi hazizidi mita nne upande mmoja. Chumba cha mita nne kinapenda sauti ya takriban Hz 43 kuliko nyingine zote. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hupiga Hz 41, na noti inayoufuata hupiga Hz 44. Ndiyo maana unasikia noti moja ikivimba na kujaza nyumba, kisha zinazofuata zinapotea, ukadhani sabufa ni mbovu. Zulia na mapazia havisaidii kitu kwa besi ya namna hiyo. Kinachosaidia ni mahali. Weka sabufa juu ya kiti chako cha kusikilizia, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe mwenyewe tambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika sawasawa, hapo ndipo sabufa ikae. Mke wangu aliniona nikifanya hivyo akauliza kama nimepoteza pete. Leo yeye ndiye anayelalamika wageni wakiisogeza.

Na jirani wa juu tumheshimu. Besi inapenya zege kuliko sauti nyembamba, na kanuni zetu za mazingira za 2009 zinataja mtetemo pamoja na kelele. Usiku shusha kitufe cha sabufa chenyewe, uache spika zikuimbie. Mpenda muziki wa kweli hahitaji ploti nzima ijue anasikiliza nini.

Stima: hapa kwetu ni volti 240. Chombo kilichotoka Japani kinataka 100, cha Marekani 120, kwa hiyo geuza usome kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka. Amplifaya, strima na sabufa zichomeke kwenye ekstensheni moja yenye kinga, kwa sababu ya stima yetu inayopotea na kurudi kwa kishindo, na pia kwa sababu soketi mbili tofauti mara nyingi huleta ule mvumo wa Hz 50 usioisha. Mvumo ukibaki, chomoa waya wa king'amuzi cha dishi; mara nyingi ndio mchawi.

Kuhusu strima sina mengi. Acha Bluetooth, tumia Wi-Fi, au waya wa intaneti kama ruta iko karibu. Strima inachukua wimbo kutoka kwenye intaneti yenyewe, simu inabaki kuwa rimoti, na mtu akikupigia muziki haukatiki. Kwa wanaotumia bando, wimbo wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula kama MB 144 kwa saa. Muziki wa ubora wa CD usiobanwa kabisa unafika MB 635. Chagua kulingana na mfuko.

Kwa ndugu yetu wa Donholm: amplifaya yako haina PRE OUT, nimeiona, lakini sabufa yako ina tundu za nyaya za spika na amplifaya yako ni ya aina ya zamani ambayo upande mweusi ni ardhi, nimekuthibitishia kwa mchoro wake. Toa ule waya wa matawi mawili. Zima kila kitu. Funga waya wa spika kama nilivyokuchorea, shusha sabufa mpaka robo, kisha umwite yule jirani aje asikilize akiwa mgeni wako.

Na wewe ambaye bado unatafuta sabufa: ukifika Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, na kuitaja, utaonyeshwa seti za spika tatu au nne zenye redio na taa. Sema unataka sabufa moja yenye amplifaya yake ndani na tundu za RCA nyuma. Ikiwa ni ya mtumba, angalia ukingo unaozunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji huoza, ukiugusa unabaki na unga kidoleni. Weka vidole vinne kwenye koni, vikiwa vimetawanyika sawa, usukume ndani taratibu na uachie. Irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda, na usikubali mwenye duka akuambie itazoea.