Kabla ya mashine, karatasi ya joto: kwa wanaoanza kazi ya utafiti wa chanjo

Wiki ya kwanza utatamani kuonyeshwa mashine. Ukija kwetu Mombasa, mimi nitakupeleka kwanza kwenye friza, nikuonyeshe karatasi iliyobandikwa mlangoni: tarehe, saa, joto, sahihi.

Chanjo mpya haifanywi na maabara moja. Chukua RTS,S, ile ya malaria. Majaribio yake makubwa yalianza 2009 yakaisha 2014, katika vituo 11 kwenye nchi 7 za Afrika, jirani zetu wa Kilifi wakiwemo. Watoto walioandikishwa walikuwa 15,459. Damu ilitolewa huku, kingamwili zikapimwa Ghent, Ubelgiji. Kila maabara ikipima kivyake, hutajua tofauti uliyoiona imetoka kwa mtoto au imetoka kwenye kipimo. Na yule mpimaji wa mbali hamjui mtoto, wala hana habari kwamba feri ya Likoni ilichelewa. Yeye ana kichupa, lebo, na ulichoandika wewe.

Jumatatu moja, katika maabara niliyofanyia kazi zamani, nilikuta karatasi imejazwa vizuri mno. Jumamosi jioni nyuzi -80, Jumapili asubuhi -80, jioni -80, kalamu ileile. Friza halikai hivyo. Hucheza, mara -78, mara -81. Tukafungua kifaa kinachorekodi joto chenyewe. Jumamosi usiku stima zilipotea, jenereta halikuwaka, na joto lilikuwa limepanda hadi karibu -40. Kijana wa zamu alikuwa mgonjwa nyumbani, akaogopa kusema. Lau angeacha nafasi wazi na kuandika sababu, tungeuliza wenzetu kama seramu ile, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda na chembe kuondolewa, bado inafaa kwa kipimo fulani, na pengine ingefaa. Lakini sasa hata kurasa za wiki zilizotangulia hatukuweza kuziamini. Visanduku vitatu vikawekwa kando, na kila kichupa mle ndani ni mtoto aliyelia akichomwa sindano huku mamake amemshika. Bado naliona lile neno -80 lilivyoandikwa.

Kwa hiyo andika unachokiona. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, tia sahihi na tarehe, ili kosa lenyewe lisomeke. Lebo ibandike mzazi angali kitini, umsomee jina la mtoto. Seramu igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha, maana kuyeyusha na kugandisha tena kunaiharibu. Chembe hai za damu zitenganishwe siku ileile. Kwa joto letu la Februari usithubutu kuziacha ndani ya gari. Sanduku la barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, lisizibwe kabisa, gesi lazima ipate pa kutokea.

Halafu kuna swali utakaloulizwa Likoni, Kisauni, popote: "Mwanangu, hiyo damu mwaipeleka wapi?" Usimjibu mama kwa haraka. Fungua fomu ya ridhaa pale palipoandikwa kwamba sampuli itatoka nje ya nchi, msomee kwa Kiswahili, mweleze kwamba kamati ya maadili imeruhusu na kwamba anaweza kukataa. Wengine hukataa. Mshukuru, umsindikize mlangoni kama wale waliokubali.

Zamu yako ya kwanza ya wikendi, ukiumwa au stima zikipotea, nipigie hata kama ni saa nane usiku. Nitakuja.